Jinsi mtahini wa IELTS anavyokupima unapozungumza: mwongozo kamili kwa mzungumzaji wa Kiswahili

Mtihani wa kuzungumza wa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, huchukua dakika 11 hadi 14 tu, lakini alama yake ina uzito sawa na ya kusikiliza, kusoma au kuandika. Vyuo vikuu vingi haviangalii wastani peke yake. Huweka pia kiwango cha chini kwa kila sehemu. Muuguzi anayetaka kusajiliwa na NMC, baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, anatakiwa apate 7.0 katika kuzungumza. Hata akipata 9.0 katika kusoma, haitafidia 6.5 ya mdomo.

Hapa naeleza mtahini anavyoifikia alama hiyo, na namna ya kujisikiliza kwa sikio lake kabla hujaingia chumbani. Nimemlenga mtu aliyekulia katika Kiswahili, kwa sababu makosa yetu yanatabirika: mengi yanatoka moja kwa moja kwenye sarufi na matamshi ya lugha yetu. Ukiwa unaelekea chuoni au unafanya toleo la watu wanaohama kikazi, mtihani wa kuzungumza ni ule ule.

Kinachopimwa na kisichopimwa

Watahiniwa wengi hujiandaa kana kwamba wanakwenda kwenye usaili wa kazi: wanatafuta majibu mazuri. Wanasoma kuhusu mabadiliko ya tabianchi, wanakariri faida na hasara za utalii, wanapanga hoja. Mtahini hana mahali pa kuandika alama za hoja. Katika mtihani wa kuandika kuna kigezo cha kujibu swali ipasavyo. Katika kuzungumza hakipo. Ukiulizwa kama unapenda makumbusho, ukajibu kwamba hujawahi kuingia hata moja, hujapoteza chochote, mradi uendelee: kwa nini hujaingia, ungependa kuona nini, na watu wa kwenu hupitishaje siku zao za mapumziko.

Kubuni kisa pia hakuadhibiwi, maana mtahini hana namna ya kukihakiki. Hata hivyo nakushauri useme ya kweli kila inapowezekana. Kisa ulichokiishi kina watu, mahali na mpangilio tayari kichwani, kwa hiyo nguvu yako yote inabaki kwa lugha. Kisa cha kubuni kinakulazimisha kutunga na kutafsiri kwa wakati mmoja, na hapo ndipo ulimi unapokwama.

Lafudhi nayo haipimwi kama lafudhi. Huhitaji kuongea kama mtu wa London. Kinachopimwa ni kama unaeleweka bila msikilizaji kutoa jasho.

Mtahini mwenyewe ni mwalimu aliyefunzwa na kupewa cheti cha kazi hii, na hupimwa upya kila baada ya miaka 2. Ana maneno aliyoandikiwa ambayo lazima ayafuate, hasa mwanzoni. Ndiyo maana hasemi “good answer”, hacheki sana, na anakukata katikati ya sentensi muda ukiisha. Kukatwa hakupunguzi alama. Usijaribu kusoma matokeo usoni mwake, ameagizwa usimsome.

Alama inavyojengwa

Kuna vigezo vinne: ufasaha na mshikamano, msamiati, sarufi, na matamshi. Kila kimoja kina robo ya alama. Mtahini hutoa bendi (yaani daraja) kamili, kati ya 0 na 9, kwa kila kigezo, kisha wastani wake ndio alama yako. Mtu aliyepata 6 kwenye ufasaha, 6 kwenye sarufi, 7 kwenye msamiati na 7 kwenye matamshi anatoka na 6.5.

Hesabu hiyo ina faida kwako. Ukiwa umekwama kwenye 6.0, huhitaji kupanda katika vigezo vyote vinne. Vigezo viwili vikipanda hatua moja moja, umeshapata nusu bendi. Kwa hiyo swali la kwanza la maandalizi ni hili: ni viwili vipi vilivyo karibu zaidi kupanda? Kwa wazungumzaji wengi wa Kiswahili ninaowasikiliza, jibu huwa ni ufasaha na matamshi, ingawa wao wenyewe hutumia muda mwingi zaidi kukariri msamiati.

Maelezo ya kila bendi yametolewa hadharani na wenye mtihani, yaani British Council, IDP na Cambridge. Yachapishe, uyaweke mezani. Utakapoyasoma kumbuka kanuni moja: ili upewe bendi fulani, lazima utimize sifa zote nzuri zilizoandikwa kwenye bendi hiyo. Kung’aa mara moja moja hakutoshi.

Sehemu tatu za mazungumzo

Sehemu ya 1 ni dakika 4 hadi 5 za maswali kuhusu maisha yako: kazi au masomo, unapoishi, kisha mada nyingine za kawaida kama chakula, hali ya hewa au simu. Hapa mtahini amefungwa zaidi na maandishi yake. Anaweza kurudia swali, lakini hana nafasi kubwa ya kulieleza.

Sehemu ya 2 ni zamu yako ndefu. Unapewa kadi yenye mada na vidokezo, karatasi na penseli, na dakika 1 ya kujiandaa. Kisha unazungumza peke yako kwa dakika 1 hadi 2. Ukifika dakika 2 atakusimamisha, na pengine atauliza swali fupi la kumalizia.

Sehemu ya 3 ni dakika 4 hadi 5 za mjadala unaotokana na mada ya kadi, lakini sasa ni kuhusu jamii kwa ujumla. Kama kadi ilihusu mwalimu wako, sasa utaulizwa kwa nini vijana hawataki ualimu, au kama kompyuta zitachukua nafasi ya walimu. Maswali yatazidi kuwa magumu kwa makusudi. Mtahini anatafuta mahali lugha yako inapoanza kuyumba, ili ajue mpaka wako uko wapi. Ukiona anakubana, usidhani umeshafeli. Mara nyingi ni dalili kwamba ulijibu vizuri yaliyotangulia.

Kigezo cha kwanza: ufasaha na mshikamano

Ufasaha si kasi. Anayekimbia huku akiangusha sentensi nusu nusu hapati alama zaidi kuliko anayekwenda taratibu na kufika. Mtahini anasikiliza kama unaweza kuendelea bila kusukumwa, kama sentensi zako zinashikana, na, hili ndilo wengi hawalijui, unasita wapi na kwa nini.

Maelezo ya bendi hutofautisha kusita kwa kutafuta wazo na kusita kwa kutafuta lugha. Kwenye bendi 8 mtu anasita kwa kawaida kwa ajili ya wazo, na mara chache tu kwa ajili ya neno. Mtahini anatambuaje? Kwa mahali ukimya unapoangukia. Ukinyamaza baada ya sentensi kuisha, kisha ukaanza nyingine, unaonekana unafikiri. Ukinyamaza katikati ya kifungu, kama “I went to the… to the… er… the place of…”, unaonekana unatafuta Kiingereza. Kwa hiyo jizoeze kuhamisha kusita kwako. Fikiri kabla hujaanza sentensi. Ukishaianza, imalize hata kwa maneno rahisi.

Kwenye bendi 5 mtu huendelea kwa msaada wa kurudia, kujisahihisha na kwenda polepole. Kwenye bendi 6 yuko tayari kuzungumza kwa urefu, ila mara nyingine uzi unakatika. Kwenye bendi 7 anazungumza kwa urefu bila kuonekana anahangaika, japo bado anasita au kujisahihisha hapa na pale. Tazama vizuri: hata bendi 7 ina kusita. Anayelenga 7 halafu anaogopa kila “er” anajitesa bure.

Kuna jambo la malezi hapa ambalo nimeliona likiwaumiza watu wenye Kiingereza kizuri kabisa. Kwetu, kumjibu mkubwa au mtu wa ofisini kwa maneno machache ni heshima. Ukiulizwa na mzee “umesoma wapi?”, unataja shule na kunyamaza, kuendelea bila kuulizwa ni kujitia mbele. Ukiingia na adabu hiyo kwa mtahini, unamnyima ushahidi. Yeye hawezi kukupa alama za lugha ambayo hakuisikia. Katika Sehemu ya 1, sentensi mbili hadi nne kwa kila swali zinatosha: jibu, sababu, na mfano au jambo la kulinganisha.

Chukua swali “Do you like cooking?” Anayejibu “Yes, I like cooking very much” amejibu, lakini hakuonyesha kitu. Msikilize huyu: “Not really, to be honest. My sister does most of it, so I only step in at the weekend, usually to make pilau, because that’s the one thing I do better than she does.” Hakuna neno gumu hata moja. Lakini kuna sababu, kuna ulinganisho, kuna kishazi tegemezi, na “step in” limekaa mahali pake. Jibu lote linachukua sekunde kama 10.

Kuhusu viunganishi, “moreover”, “furthermore” na “firstly, secondly” ni vya kuandika. Vikirudiwa rudiwa mdomoni, vinakushusha. Bendi 5 inataja wazi matumizi ya kupita kiasi. Katika mazungumzo watu husema “so”, “because”, “although”, “the thing is”, “mind you”. Tumia hivyo.

Kigezo cha pili: msamiati

Wengi hufika na orodha ya maneno makubwa na nahau za vitabu vya zamani: “once in a blue moon”, “it’s raining cats and dogs”. Mtahini ameshazisikia. Neno adimu lililopachikwa pasipolingana na maneno ya jirani yake halikuinui. Linaonyesha kwamba umelikariri.

Kinachotenganisha bendi ni uwezo wa kulizunguka neno usilolijua. Bendi 6 inasema mtu kwa jumla anafanikiwa kueleza kwa maneno mengine; kwenye bendi 5 anajaribu, wakati mwingine anashindwa. Zoezi zuri liko jikoni kwenu. Eleza kwa Kiingereza ungo, mbuzi ya kukunia nazi, kinu, kibatari na jiko la mkaa, bila kutaja jina. Kwa ungo unaweza kusema “a flat, round tray, woven by hand, that we use for separating rice from the husks”. Ukiyaweza haya, siku ya mtihani hutaganda kwa sababu umesahau neno moja. Utalizunguka na kupita, na mtahini atalihesabu kuwa ni ujuzi.

Upande wa pili ni maneno yanayokwenda pamoja. Hapa Kiswahili hutuvuta. Sisi tunakunywa dawa, Waingereza “take medicine”. Sisi tunasikia harufu na kusikia baridi. Kwao harufu ni “smell” na baridi ni “feel”. Tengeneza daftari la vifungu, si la maneno. Badala ya kuandika “decision” peke yake, andika “make a decision”, “a tough decision”, “put off a decision”.

Kigezo cha tatu: sarufi

Mtahini hapa anapima mambo mawili: upana na usahihi. Anayesema sentensi fupi zisizo na kosa hapandi, kwa sababu upana haupo. Anayesema sentensi ndefu zilizojaa makosa hapandi pia. Bendi 6 ina mchanganyiko wa sentensi sahili na changamano, na zile changamano zina makosa mengi ingawa maana haipotei. Bendi 7 inadai sentensi zisizo na kosa zitoke mara kwa mara.

Makosa yafuatayo nimeyachagua kwa sababu yanatokana na Kiswahili na ninayasikia karibu kwa kila mtu:

- “He” kuwa “she”. Kiswahili kina yeye mmoja na kiambishi a- kimoja. Ukiteleza, sahihisha mara moja na uendelee. Kujisahihisha kwa haraka ni sifa. Ila likirudia kila sentensi mbili, linahesabika.
- “My father he works in Mombasa.” Kiambishi cha mtendaji tunakibeba hadi kwenye Kiingereza. Ondoa “he”.
- “If I would have money, I would travel.” Sisi tuna -nge- pande zote mbili: ningekuwa na pesa, ningesafiri. Kiingereza kinaweka “would” upande mmoja tu: “If I had money, I would travel.”
- “I have seen him yesterday.” Nimemwona jana inaruhusiwa kwetu. Kwao, ukitaja jana, tumia wakati uliopita: “I saw him yesterday.”
- “The village which I was born in it.” Ondoa “it”.
- Kuacha “a” na “the”. Hili ni gumu na halitaisha kabla ya mtihani. Halizuii kueleweka, kwa hiyo lipe nafasi ya mwisho.

Ukiweza kurekebisha la tatu na la nne tu, utasikia tofauti kubwa katika Sehemu ya 2 na ya 3, kwa sababu kadi nyingi zinataka kisa kilichopita na maswali mengi ya mjadala yanataka dhana, yaani sentensi za “if” na “would”.

Kigezo cha nne: matamshi

Hapa ndipo penye alama zilizoachwa wazi. Watu hudhani matamshi ni sauti moja moja, wanahangaika na “th”. Mswahili hana tatizo kubwa huko, maana thamani na dhahabu zimemfundisha. Kazi iko kwenye mkazo.

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, na kila silabi hupewa nafasi yake kamili. Kiingereza kinahamisha mkazo kutoka neno hadi neno, na silabi zisizo na mkazo humezwa. Kwa hiyo tunasema “inteRESting” badala ya “INteresting”, “comforTAble” badala ya “COMfortable”, “ecoNOmy” badala ya “eCOnomy”. Msikilizaji asiyezoea lafudhi yetu hulikosa neno zima, hata kama kila sauti ilikuwa sahihi. Kila unapoandika neno jipya, pigia mstari silabi yenye mkazo. Lisome kwa sauti huku ukigonga meza kwenye silabi hiyo.

Pili, irabu. Tuna tano, Kiingereza kina zaidi ya mara mbili ya hizo. “Ship” na “sheep”, “live” na “leave”, “cat”, “cut” na “cart”: jozi hizi zinafanana mdomoni mwetu hadi tuzitenge kwa makusudi.

Tatu, mwisho wa neno. Neno la Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo konsonanti zinazofuatana mwishoni hutushinda: tunaongeza irabu au tunaiacha konsonanti. “Worked” inakuwa “work”, “asks” inakuwa “ask”. Hasara yake ni mara mbili. Mtahini anasikia sauti iliyokosekana, na anasikia pia kitenzi kisicho na wakati uliopita. Alama inaweza kupungua kwenye matamshi na kwenye sarufi kwa konsonanti moja. Wanaochanganya “l” na “r” kwa sababu ya lugha ya nyumbani nao wafanye mazoezi ya jozi, kama “light” na “right”.

Mwisho, gawanya sentensi kwa vifungu vya maana na uinue sauti kwenye neno lenye habari mpya. Sauti iliyonyooka kuanzia mwanzo hadi mwisho inamchosha msikilizaji, na sifa hii imo katika kinachopimwa.

Kujipima: hatua kwa hatua

Hatua ya 1. Chukua kadi ya Sehemu ya 2 usiyoijua. Weka saa. Jiandae dakika 1, kisha rekodi dakika 2 kwa simu. Usirudie hata kama umeharibu.

Hatua ya 2. Iache hadi kesho yake. Ukijisikiliza papo hapo, unasikia ulichokusudia badala ya ulichosema.

Hatua ya 3. Sikiliza mara nne, kila mara kwa kigezo kimoja. Mara ya kwanza weka alama kila unaposita: kistari kama ulikuwa unatafuta wazo, duara kama ulikuwa unatafuta neno. Mara ya pili andika kila ulichosema, neno kwa neno, pamoja na “er” zote, kisha pigia mstari vitenzi na uhakiki nyakati zake. Mara ya tatu zungushia maneno yaliyorudiwa. “Good”, “nice”, “very” na “thing” ndiyo hutawala. Mara ya nne mpe mtu asiyekijua kisa chako asikilize mara moja na akuandikie maneno ambayo hakuyashika. Usipompata, washa programu ya simu inayogeuza sauti kuwa maandishi. Si hakimu wa haki kwa lafudhi zetu, lakini ikikosea neno lile lile kila mara, litazame.

Hatua ya 4. Fungua maelezo ya bendi na ujipe namba kwa kila kigezo. Anza na bendi 5: je, sifa zake zote unazo? Panda 6. Simama pale ambapo sifa moja inakosekana.

Hatua ya 5. Chagua kosa moja tu. Rekodi mada ile ile tena ukilirekebisha, kisha rekodi mada nyingine na uone kama limerudi. Kosa halijaisha hadi lisirudi kwenye mada mpya. Ukijaribu kurekebisha mambo matano kwa pamoja, ufasaha unavunjika na hupati hata moja.

Huu ni mfano wa kilichotoka kwenye karatasi ya hatua ya 3, kadi ikiwa ni kuhusu mtu aliyekufundisha kitu: “My grandmother she teach me how to make mat. He live in Tanga. She is very good person and I like her very much.” Kila kitu kinaeleweka, lakini hakuna wakati uliopita, “he” imeingia, “very” mara mbili, na sentensi zote ni za muundo rahisi. Kisa hicho hicho kikifanyiwa kazi: “It was my grandmother who taught me. She used to weave mats at her home in Tanga, and whenever we went there for the holidays, she’d let me sit next to her and copy what she was doing. I was hopeless at first. If she hadn’t been so patient, I would have given up.” Habari ni zile zile. Zilizoongezeka ni nyakati tatu, kishazi cha “whenever”, na dhana moja iliyojengwa sawasawa.

Usiukariri mfano huo. Mtahini hulijua jibu la kukariri: kasi hubadilika ghafla, kiimbo hunyooka, maneno yanapanda daraja kisha yanashuka swali linapofuata. Atakachofanya ni kukuhamishia kwenye swali ambalo hukuliandaa, na kukupima kwa hilo.

Dakika 1 ya maandalizi nayo ina mbinu yake. Usiandike sentensi. Andika maneno sita au manane yanayofuata mtiririko wa kisa, na juu ya karatasi andika wakati utakaoutumia, kwa mfano “past”. Vidokezo vya kadi si orodha ya lazima ya kutimiza, ni msaada. Ukiishiwa kabla ya muda, rudi kwenye hisia na ulinganisho: wakati ule ulionaje, sasa unaonaje, ungefanya nini tofauti.

Siku yenyewe

Huenda ukazungumza siku ile ile ya karatasi nyingine au siku tofauti iliyo karibu nayo, ana kwa ana au kwa video; soma barua ya kituo. Beba kitambulisho ulichojisajilia. Tangu asubuhi ongea Kiingereza, hata peke yako, ili ulimi uwe umeshachangamka kabla ya swali la kwanza.

Mazungumzo yote hurekodiwa. Usipolisikia swali, sema “Sorry, could you say that again?” Haina adhabu. Katika Sehemu ya 3 unaweza pia kuuliza “Do you mean…?” maana hapo mtahini ana uhuru wa kulieleza kwa njia nyingine. Usipokuwa na maoni, sema hivyo kwa sentensi kamili kisha ukisie: “I’ve never really thought about it, but I’d imagine that…” Hapo unaonyesha dhana na unajipatia sekunde mbili.

Baada ya matokeo

Alama ya jumla ni wastani wa sehemu nne za mtihani mzima: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Wastani ukiishia na .25 hupandishwa hadi nusu bendi inayofuata, ukiishia na.75 hupandishwa hadi bendi kamili. Kwa mfano 6.5, 6.0, 6.0 na 6.5 zinatoa wastani wa 6.25, na cheti kitaandikwa 6.5.

Ukiamini umeonewa, unaweza kuomba mapitio ndani ya wiki 6 tangu siku ya mtihani. Mtahini mwandamizi atasikiliza rekodi upya, na alama ikipanda, ada ya maombi hurudishwa. Inafaa pale ambapo umekosa nusu bendi na rekodi zako za nyumbani zilikuwa juu ya alama hiyo mara kwa mara. Kwa waliofanya kwa kompyuta, baadhi ya nchi zinaruhusu kurudia sehemu moja tu ndani ya siku 60. Kiulize kituo chako, kisha kiulize chuo unachokwenda kama kinaikubali, kabla hujalipa.

Cheti kitakuonyesha namba moja ya kuzungumza, bila kuigawa kwa vigezo vinne. Kwa hiyo ukitoka chumbani, kaa mahali palipo kimya na uandike ulipokwama: ni neno, ni wakati wa kitenzi, au ni wazo? Maswali yenyewe usiyasambaze. Namba ikija chini ya ulivyotaka, weka karatasi hiyo kando ya rekodi zako za mwisho, na uanzie kwenye kigezo ambacho zote mbili zinakitaja.